Namba Nne na Saa ya Clotilde

Ukishuka kuelekea stesheni ya Le Locle, mji wetu wa saa huku milimani Uswisi, pale kona ilipo, utalikuta benchi la Josette limeegemezwa ukutani mwa kibanda chake cha kahawa. Mjini hapa mtu akitaka habari, hanunui gazeti, anakaa pale. Lakini wenye benchi ni watatu, wastaafu wa viwanda vya saa, na mgeni asipojua hilo ataelezwa. Wa kwanza ni Ducommun, wanayemwita Kamani, kwa sababu maisha yake yote alitengeneza kamani, zile springi zinazoiendesha saa, na yeye mwenyewe hujikaza akafyatuka vilevile. Wa pili ni Calame, ambaye zamani aliwahi kutumwa Buenos Aires kuuza saa akakaa huko majira mawili, basi hadi leo ni Balozi. Wa tatu ni Aurèle Perrenoud, aliyekuwa aking'arisha makasha ya dhahabu mpaka ungeweza kunyoa ndevu kwa kujitazama humo, naye huitwa Kioo. Alasiri ile ya Aprili, theluji ya mwisho imegeuka masizi kando ya barabara, Kioo hakuwa na raha hata kidogo.

Kisa kilikuwa ndani ya simu yake. Kulikuwa na mnada wa mtandaoni unaofungwa saa kumi na moja, na humo mlikuwa na saa moja ya dhahabu, nyembamba, ya kutia ufunguo, kutoka kiwanda cha mlimani kilichofungwa zamani. Picha ya tatu ilionyesha upande wa ndani wa mfuniko, na hapo palikuwa na konokono mdogo aliyechorwa kwa sindano. Kila mwanamke aliyekuwa akisawazisha mwendo wa saa pale kiwandani alikuwa na alama yake, na konokono alikuwa wa Clotilde, marehemu mke wa Aurèle. Miaka yote ile wawili hao walitengeneza saa za matajiri, na nyumbani kwao haikuwahi kuingia hata moja. Sasa Aurèle aliitaka hiyo. Aliitaka mpaka chakula kilikuwa hakishuki.

— Imefika ngapi? aliuliza Kamani.

— Elfu nne na mia mbili.

— Faranga? Kwa saa yenye ufa kwenye kioo na uso ulioiva kama chai ya jana?

— Huo uso ndio bei, alisema Balozi. Siku hizi wakusanyaji hawataki kitu kipya. Doa moja, wanapanda elfu. Madoa mawili, wanalia machozi.

— Sisi tulikuwa tunakatwa mshahara kwa doa!

— Basi ulizaliwa mapema, bwana. Ungezaliwa sasa ungekuwa tajiri, na ule uchafu wako.

Aurèle hakucheka. Alikuwa ametenga elfu sita, pesa za jiko jipya na kidogo zaidi.

— Anayenitesa ni huyu mnunuzi namba nne, alisema. Asubuhi niliandika elfu tatu na nusu, papo hapo akanipita. Nikaongeza, akanipita tena. Hapumui!

— Ndiyo maana nikakwambia acha, Balozi alisema. Ukimwonyesha una njaa, umekwisha. Unanyamaza siku nzima, unajifanya umekufa. Halafu dakika ya mwisho kabisa, pa! Unamwaga elfu sita zote, na yeye hana muda wa kujibu.

— Na huyo namba nne ni nani hasa? aliuliza Aurèle.

— Daktari wa meno, Kamani alidakia. Wa Singapore. Hawa wote wananunua saa. Mtu anashinda akichungulia matundu, jioni akili yake inataka kitu kidogo chenye meno mazima.

— Acha kamba zako, Kamani. Daktari wa meno analala muda huu, kwao ni usiku. Huyu halali. Huyu si mtu.

— Si mtu ni nini?

Balozi alisogea karibu, akashusha sauti kana kwamba wapita njia walikuwa majasusi.

— Mashine. Iko Iceland, ndani ya pango, inapozwa na barafu. Wameilisha bei za minada yote tangu babu zetu. Ukishika simu tu, inasoma kidole chako kinavyotetemeka, inajua una kiasi gani benki.

— Kidole?

— Kidole! Kwa hiyo Kioo, wakati ukifika bonyeza kwa mkono wa kushoto. Huo hawajausoma bado.

Aurèle alijua kwamba ule ni upuuzi mtupu. Hata hivyo alihamisha simu mkono wa kushoto.

— Mashine haiwezi kumpenda konokono, Kamani alisema, na shingo yake ilikuwa imeanza kuwa nyekundu. Nyie hamwoni? Ni yule mkurugenzi wetu wa zamani. Yuko kule ziwani kwenye jumba lake, anazikusanya saa zote zenye alama za wale wanawake, moja moja, anazizamisha.

— Anazizamisha za nini?

— Wivu! Zinakwenda vizuri kuliko zile alizozisimamia mwenyewe. Siku moja watu watapiga mbizi ziwani na kukuta chini huko zote zinagonga kwa pamoja.

— Chini ya maji.

— Clotilde alikuwa anafanya kazi safi, bwana! Usimguse Clotilde!

— Nani kamgusa?

Josette alitoka na birika, akawajazia vikombe, na kwa kuwa ilikuwa baridi akadondoshea kila kimoja tone la pombe ya matunda bila kuulizwa. Ni mama mnene, mpole, mwenye viganja vilivyovimba kwa baridi yabisi.

— Na kama huyo namba nne ni mtu tu ambaye ameipenda? aliuliza.

Wakacheka wote watatu, hata Aurèle.

— Josette, mama, Balozi alisema, wewe tuachie mambo ya soko. Shughulika na maziwa.

— Haya, alisema Josette, akarudi ndani.

Wakati huo mwanamke mmoja aliyevaa koti la mvua alifika akivuta sanduku la magurudumu. Aliagiza kahawa, akaomba nafasi mwisho wa benchi, na kwa sababu alikuwa na uso wa kusikiliza, Kamani alimweleza kila kitu tangu konokono hadi pango la Iceland.

— Kwa hiyo bado muda gani? aliuliza mgeni.

Swali zuri. Balozi alivuta mkono wa koti.

— Robo saa nzima. Tulieni.

— Robo saa? Kamani alitazama yake. Dakika tano! Kioo, jiandae!

— Yangu inasema dakika kumi, alisema Aurèle.

Hapa lazima ieleweke kwamba benchi lile lina sheria moja tu, nayo ni kali. Mtu yeyote atakayetazama saa kwenye simu atawanunulia wote kahawa wiki nzima, na aibu yake itamfuata hadi makaburini. Wanaume waliolisha watoto kwa saa za mkono wataiuliza simu? Kwa hiyo kila mmoja amebandika kipande cha plasta juu ya pembe ile ya simu yake inayoonyesha muda, na leo asubuhi Aurèle alikuwa ameongeza kipande kingine, kuziba mahali ambapo mnada unahesabu dakika zilizobaki. Alifanya hivyo kwa heshima ya Clotilde, ambaye angemfokea.

— Yako inachelewa, Balozi, Kamani alisema. Imechelewa tangu uinunue.

— Yangu imepita bahari mbili haijapoteza nukta! Yako inakimbia kwa sababu kamani umeweka mwenyewe, na wewe huwezi kutulia.

— Rudia!

— Inakimbia kama mwenyewe!

— Toa hiyo saa hapa. Itoe! Tuisikilize!

Wakavua saa zote tatu, wakazipanga juu ya ubao wa benchi, wakainama masikio yakiwa karibu kugusana. Kamani alidai anasikia kilema katika mlio wa ile ya Balozi. Balozi alimwambia kilema kiko sikioni. Aurèle naye, ambaye alipaswa kushika simu, alikuwa amepiga magoti kwenye theluji chafu akiitetea yake, maana hiyo aliirekebisha Clotilde kwa mikono yake kabla hajafa, na hakuna mtu chini ya jua angemwambia kwamba inakosea.

Simu ikalia kengele ndogo.

Vichwa vitatu viliinuka. Kisha Aurèle akaiokota, akabandua plasta ya pili kwa ukucha. Akasoma kwa sauti isiyokuwa yake:

— Mnada umefungwa. Elfu nne na mia mbili. Mshindi, namba nne.

Kamani alivua kofia. Balozi alijishughulisha kuvaa saa, akakosea tundu la mkanda. Aurèle alikaa benchini taratibu, na hakuona haya kwamba macho yalimlowa mbele ya mgeni. Alikuwa na elfu sita. Alikuwa nazo mfukoni, na saa ilikwenda kwa elfu nne.

— Samahani, alisema yule mwanamke mwenye sanduku. Labda sielewi mambo haya. Lakini kama ulikuwa tayari kutoa elfu sita, mbona hukuandika elfu sita tangu asubuhi?

Balozi alirudi kuhangaika na mkanda wa saa yake. Kamani alitazama mlima. Mgeni akaona labda ameuliza jambo baya, akalipa, akavuta sanduku lake kwenda kwenye treni.

Josette alitoka akifuta mikono kwa aproni.

— Mimi ndivyo nilivyofanya, alisema. Niliandika juzi usiku kwamba mwisho wangu ni elfu tano, mnada ukawa unanipandishia wenyewe, mimi nikalala.

Wakamgeukia wote.

— Wewe nini?

— Namba nne. Na wewe Aurèle nina ugomvi nawe, ilikuwa elfu tatu tu mpaka ulipoanza kunipandishia.

— Josette! Kamani alipiga kelele. Sisi tumekaa hapa tangu mchana tunakutafuta Iceland!

— Nimewasikia. Niliwauliza, mkaniambia nishughulike na maziwa.

Aurèle alisimama. Hakujua kama anataka kumkumbatia au kumtikisa.

— Niuzie. Nakupa elfu sita. Sasa hivi.

— Siuzi.

— Josette, Clotilde ni mke wangu!

— Na mimi alikuwa rafiki yangu. Alikuwa anakaa hapo ulipo, Aurèle, kila Ijumaa akitoka kazini, kabla nyie hamjalijua benchi hili. Siku nilipofiwa na mama alikaa mpaka nikafunga. Mimi sina picha yake hata moja. Nami nataka kitu chake mkononi.

Aurèle aligeuka, akalitazama benchi nyuma yake. Hasira ilimtoka polepole, na mahali pake pakaja kitu kingine alichokuwa amekisahau, kwamba haombolezi peke yake mjini hapa. Alimwonea Josette huruma, kisha akajionea mwenyewe, kisha akajikuta anatabasamu kama mjinga.

— Ila kuna shida, Josette aliendelea, akiinua viganja vyake. Hiyo ni saa ya kutia ufunguo kila asubuhi. Na vidole hivi haviwezi hata kushika sindano.

— Kila asubuhi, alisema Aurèle.

— Ikikosa siku moja inasimama.

— Nitakuja.

— Na Jumapili?

— Jumapili kibanda umefunga.

— Nyumbani sijahama.

Kamani alivuta pumzi ili aseme neno, na Balozi akamkanyaga kiatu kwa nguvu zake zote. Aurèle alitazama vidole vyake mwenyewe, kisha akamtazama Josette.

— Basi Jumapili nitakuja nyumbani.

— Njoo na mkate, alisema Josette, akaingia ndani kuosha vikombe.