Mama Sabini Anaiachia Mashine

Tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu ya sumu na dawa, Mama Sabini anastaafu. Tulishamuaga mwaka juzi, keki ikaliwa, na Jumatatu akaonekana koridoni na koti lake jeupe, eti kasahau miwani. Akaongezewa mkataba. Kwa hiyo safari hii tunaandika roho juu.

Kutulia hakujui. Chai huinywa wima, nusu kikombe. Nusu nyingine tunaikuta imepoa juu ya friji ya sampuli. Jina alilipata kwa ukali wake kuhusu namba moja tu, sabini. Mashine yetu huzipiga molekuli kwa elektroni, zikavunjika, na vipande vikalinganishwa na vilivyohifadhiwa kwenye kompyuta. Vya kompyuta vilipatikana kwa nguvu ya elektronivolti sabini. Ukipiga kwa nyingine, ulinganisho unaharibika. Ole wake aliyegusa mpangilio huo!

Kisha mtoto wa dereva wetu akalazwa hoi, kanywa kitu kwenye chupa isiyo na lebo. Daktari alipiga simu mfululizo akitaka jina la sumu. Kwa sabini, kitu kile kilisambaratika chote. Kompyuta ikatoa majina matatu, na tiba ya sumu moja ingemdhuru aliyekunywa nyingine. Mama Sabini alizunguka meza, akarudi, akazunguka tena. Halafu, sisi tukiwa tumeduwaa, akashusha nguvu hadi kumi na mbili. Ishara ilikuwa hafifu, lakini safari hii baadhi ya molekuli zilibaki nzima, na uzito wake ukasomeka. Majina mawili yakafutika. Mtoto alipona. Dereva alilia kwenye ngazi, nasi tukalia naye. Mama akairudisha sabini na kutukaripia tusije tukazoea.

Juzi mumewe alipiga simu mapokezi, akataka kujua kama safari hii ni kweli. Alisema miaka yote amekuwa akipata vipande tu vya mkewe: sauti jikoni, viatu mlangoni, kisha huyo, kaondoka. Sasa Mama ana presha, na vidonge anavimeza akitembea.

Basi koti tumelichukua, na miwani imo mkobani mwake, tumehakikisha. Asante, Mama, kwa mtoto yule na kwa kila karipio. Mashine itabaki kwenye sabini, tunaapa. Wewe shuka hadi kumi na mbili, ukae, umalize kikombe, mzee naye akupate mzima. Tunakutakia maisha ya raha, na Jumatatu tusikuone.