Jezi ya Bluu ya Tornike

Eteri, zima redio hiyo uje ukae. Besik, funga dirisha, upepo wa mlimani unaniingia kifuani. Na wewe Tornike, mjukuu wangu, usikikalie kiti cha bibi yako, kitavunjika. Kaa hapa kitandani, upande wa miguu, nikuone vizuri. Haya. Sasa mko wote mliobaki, hakuna mwingine wa kungojewa, basi nisikilizeni mpaka mwisho wala asinikatize mtu, kwa maana pumzi iliyobaki naitoa kidogo kidogo, na nikiimaliza kwa kubishana nitaondoka na maneno yangu.

Daktari aliyetoka mjini Kutaisi amewaambia aliyowaambia huko barazani, mkidhani nimelala. Niliyasikia yote. Sina kinyongo naye, amesema kweli, na alikunywa divai yangu kwa adabu.

Kwanza mali, maana hiyo ndiyo nyepesi. Nyumba hii na ua wake ni ya Eteri, kwa sababu yeye ndiye aliyenipikia, akanifulia, akavumilia kelele zangu mbele ya televisheni kila Jumamosi, na Besik analijua hilo na hatanuna. Shamba la mizabibu ni la Besik. Usiliuze, mwanangu, hata wakija wale wanaotaka kujenga hoteli. Ukishindwa kulilima kutoka huko Ufaransa, mpe dada yako alime, mgawane zabibu. Ile miti ya tufaha ya mpakani, tunayogombania na akina Kalistrate tangu enzi za baba yangu, waachieni. Matufaha yenyewe ni machungu, tumegombana miaka yote hii kwa ajili ya kitu ambacho hata nguruwe hawakitaki.

Sasa lile zito.

Jana mezani, Eteri, ulipokuwa unapanga sahani, ulisema, “Mfaransa mpeni uma na kisu, sisi washamba tutakula kwa mikono.” Kaka yako akapiga meza, akasema, “Ngoja Baba afe kwanza ndipo unitukanie mtoto.” Ukamjibu, “Mtoto wako amejitukana mwenyewe.” Tornike akainuka na kipande chake cha mkate wa mahindi, akaenda kukilia nje, karibu na mbwa. Mlango huu ni mwembamba, wanangu. Naumwa kifua, siumwi masikio.

Tena mlikuwa mnanificha nini? Mimi ambaye nikilifungua gazeti naanza na raga kabla sijaona nani amekufa? Nilijua Tornike amekubali kuichezea Ufaransa siku ileile habari ilipotoka. Nilikaa pale kwenye kochi nikazima televisheni. Chakula ulichoniletea, Eteri, nikampa mbwa, nikakuambia nimeshiba. Siku nzima hiyo sikuwa na mtu wa kuzungumza naye raga.

Nitawaambia ninavyoona, kisha nitawaambia la kufanya, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Ninavyoona ni kwamba sipendi. Tornike, sitakudanganya kwa sababu nakufa. Tangu nipate akili napenda mchezo huu, na katika mchezo huu napenda skramu kuliko vyote, pale wanane wetu wanapoinamiana na wanane wao, vichwa vinaingia, uwanja unanyamaza, halafu unaona viatu vya wageni vinaanza kurudi nyuma kwenye majani, kidogo, kidogo tena. Hapo ndipo sisi huwa watu. Nchi yetu ndogo, mikate yetu ya mahindi, barabara zetu mbovu, lakini mtu mkubwa wa ng'ambo mwenye uwanja wa dhahabu anarudi kinyumenyume mbele ya mtoto wa jirani yangu. Na wale wenye mashindano yao ya Mataifa Sita wametufungia mlango miaka yote hii. Anayeshika mkia kwao hashuki, anayeongoza huku kwetu hapandi, na kila mwaka wanatusifu kwamba tunasukuma vizuri, kama mtu anavyosifu ng'ombe wa jirani. Halafu wanakuja kuwachukua vijana wetu wa mstari wa mbele. Ndivyo ninavyoona. Wairlandi niliwapenda kwa ukaidi wao, Wafiji niliwapenda kuliko wote kwa sababu wanacheza kama watoto waliotoroka shule, lakini moyo wangu ulikuwa mmoja na ulivaa jezi moja.

Eteri, usitikise kichwa kwa furaha. Bado sijamaliza.

Maji. Asante, mama.

Nilikuwa na mdogo wangu. Picha yake mmeiona pale ukutani, Guram, mabega kama mlango wa ghala. Ninyi mnamjua kama jina tu. Huyo alicheza raga kabla kijiji hiki hakijajua raga ni nini. Alianzia Kutaisi, akaenda jeshini, akaonekana, na siku moja akaitwa Moscow akavae jezi nyekundu, aichezee Urusi ile ya Kisovieti. Hapakuwa na jezi nyingine ya kimataifa ya kuvaa wakati ule. Sisi tulikuwa chini yao, hatukuwa na timu ya taifa, jina letu lenyewe halikuandikwa popote. Lakini baba yangu, babu yenu Severiane, alikuwa na kisa chake. Baba yake alichukuliwa na watu wa Moscow asubuhi ya mavuno, mikono ikiwa bado ina zabibu, na hakurudi, wala kaburi lake halijulikani mpaka leo. Basi Guram alipokuja kumwaga habari kwa furaha, amesimama hapo hapo uliposimama Besik, baba akamwuliza, “Utaivaa?”

Guram akasema, “Baba, ni raga tu.”

“Nimekuuliza utaivaa?”

“Nitaivaa.”

“Basi ukishaivaa usiingie nayo humu.”

Alidhani baba ana hasira za siku mbili. Sote tulidhani hivyo. Mama alipofariki Guram alikuja, akasimama getini pamoja na watu wa vijiji vingine, kama mtu aliyepita njia akasikia kilio, na baba alipopeana mikono na waombolezaji mmoja mmoja, alipofika kwake aliuruka mkono wake akampa mkono aliyefuata. Niliona uso wa Guram. Alikuwa jitu la kuwabeba watu wawili mgongoni, na pale getini alipungua mpaka akawa kama mtoto aliyepotea sokoni. Nilimfuata mpaka barabarani. Akaniambia, “Otia, rudi ukae na mzee, asibaki peke yake.” Akapanda lori la maziwa, akaenda zake. Aliishia Krasnoyarsk, huko Siberia kwenye theluji, akifundisha vijana wa Kirusi kusukuma.

Na baba? Sikilizeni hili, hasa wewe Eteri. Mechi zile zilipotangazwa redioni, wao na Waromania, wao na Wafaransa, baba aliaga kwamba anaenda kumenya mahindi ghalani. Mahindi gani, mwezi wa Machi! Siku moja nilimfuata kumwita, nikamkuta ameketi juu ya gunia, redio ndogo ameibana shavuni kama mtu anayeumwa jino, sauti ameipunguza mpaka karibu inakufa, na mtangazaji alipolitaja jina la Guram midomo yake ikacheza. Nilirudi kinyumenyume, nikasimama nyuma ya ghala. Miaka yote ile, mtoto wetu alikuwa akicheza, na watu wawili wa nyumba moja walikuwa wakimsikiliza mmoja ghalani na mwingine nyuma ya ghala, kila mmoja peke yake.

Kisha ikaja ile siku Kutaisi, Wazimbabwe walipokuja, timu yetu ikatoka kwa jina letu wenyewe kwa mara ya kwanza. Nilimpeleka baba. Alikuwa mzee, nilimshika mkono kupanda ngazi. Watu walikuwa wamebeba bendera ya zamani, wengine wanalia kabla mpira haujapigwa, na wale Wazimbabwe walicheza kiungwana, wakatupigia makofi tulipowashinda. Nikamgeukia baba nimkumbatie. Nikamkuta hatazami uwanjani. Anatazama majukwaani, safu kwa safu, kama mtu anayetafuta sura. Nikamwuliza, “Unamtafuta nani, Baba?” Akasema, “Simtafuti mtu.”

Majira ya baridi yaliyofuata alianguka, akalazwa chumba hiki. Karibu na mwisho aliniuliza, “Guram alikuwa akicheza namba ngapi?”

Nikamwambia, “Namba tatu, Baba.”

Akasema, “Najua.”

Basi. Nilimpelekea Guram simu ya maandishi, lakini theluji ilikuwa imefunga viwanja vya ndege, akafika kaburi limeshafukiwa. Alikaa hapa siku chache, akatengeneza ua wote wa mbele, ule unaosimama mpaka leo, akaondoka. Halafu vita, halafu njaa, halafu mipaka ikafungwa, halafu akafa huko. Kaburi lake nimeliona kwenye picha. Lina theluji.

Ngojeni... Niinue mto kidogo. Hivyo.

Sasa nitawaambia kuhusu upweke, kwa sababu mnadhani upweke ni kukosa mtu wa kukupikia. Siku tuliyowashinda Wales, kwao, Cardiff, kwa pointi moja. Mnajua nimeingojea siku kama ile tangu lini? Bibi yenu Nanuli alikuwa amekufa. Jirani yangu Bichiko, niliyetazama naye kila mechi na kutukanana naye kuhusu kila mwamuzi, alikuwa amekufa. Besik ulikuwa kazini, simu imezimwa. Eteri ulikuwa mjini. Penalti ile ya mwishoni ilipopita katikati ya miti ya goli niliruka, mzee mzima, nikapiga kelele mpaka mbwa akajificha, na nikageuka nimshike mtu. Hapakuwa na mtu. Nikatoka barabarani na kofia mkononi. Nikakutana na mama anayeuza mkate, nikamwambia, “Tumewashinda Wales!” Akasema, “Hongera, mzee, wewe na nani?” Nikarudi ndani. Nikajimiminia glasi mbili, yangu na ya Bichiko, nikanywa yangu, na ile nyingine nikaiangalia mpaka giza likaingia. Ushindi mkubwa kuliko wote niliouona, na ndiyo siku niliyolia peke yangu kuliko hata siku ya mazishi ya Nanuli, maana mazishini watu walikuwepo.

Kwa hiyo hili ndilo la kufanya, na siliombi, naliagiza.

Eteri, nyumba ni yako, lakini naitoa kwa sharti moja. Mlango wake usifungwe kwa mtu wa damu yetu kwa sababu ya jezi aliyovaa. Nyekundu, bluu, ya rangi yoyote. Tornike aliondoka hapa akiwa bado anashika sketi yako, shangazi yake. Raga amefundishwa na watu wa kule, amevunjika mkono kule na kule ndiko walikomtibu. Anawapenda. Ni haki yake. Wewe ruhusa ya kukasirika unayo, mimi mwenyewe nimekasirika. Ila kasirika naye akiwa mezani, na sahani yake mbele yake. Usimkasirikie akiwa Siberia.

Besik, na wewe simu usiizime Jumamosi. Mpigie dada yako, hata kama ni kutukanana kuhusu mwamuzi.

Kuna mtungi mmoja wa divai ghalani, ule uliofukiwa pembeni, ambao sijawahi kuwaonyesha. Niliufunga kwa udongo mwaka aliozaliwa Tornike. Desturi ni kuufungua siku ya harusi yake. Mimi nasema msingoje harusi. Ufungueni siku atakapoingia uwanjani na ile jezi ya bluu mara ya kwanza. Kaeni mbele ya televisheni, ninyi na majirani, waiteni hata akina Kalistrate, mnywe. Atakayetaka kunywa akinuna na anywe akinuna. Lakini mnywe mkiwa wengi.

Nizikeni kando ya Nanuli. Hotuba ziwe fupi... mlevi yeyote asinisifu kwamba nilikuwa mtu mpole. Picha ya Guram msiishushe ukutani.

Besik, mkono wako. Eteri, na wako, weka hapo juu ya wa kaka yako. Mungu awape... awape meza isiyo na kiti kitupu. Awape watoto wanaopiga simu. Mvua kwa wakati wake. Basi.

Tornike. Sogea. Karibu zaidi, sauti inakwisha. Siku moja utapangwa dhidi yetu. Itafika tu. Wimbo wetu utapigwa na wewe umesimama upande wa pili... ukitaka kulia, lia, hakuna atakayekucheka. Halafu skramu itaitwa. Mbele yako atakuwa mtoto wa mtu ninayemjua. Usimhurumie. Umesikia? Ukimhurumia umemdharau, yeye na... na sisi wote. Inama vizuri. Mgongo unyooke. Msukume kwa nguvu zote alizokupa Mungu, mjukuu wangu.

Na yeye... yeye atakusukuma.