Kazi ya Dada wa Mikumi Niliyoikalia

Wazee wangu, shikamooni. Rika langu na wadogo zangu, nawasalimu kwa upendo. Mnanijua, mimi ni yule wa steshenari karibu na stesheni hapa Kilosa. Wengi wenu nimewapiga picha za pasipoti. Leo sikusimama hapa ibadani kushukuru kwa kupona malaria. Nimesimama kuwaeleza habari ya wivu wangu. Msicheke, akina mama. Wanaume nasi tunao.

Masika ya mwaka juzi, njia zilipokatika tena kwa mafuriko, nilikusanya watu wa kujitolea. Alikuwepo muuguzi wa Tindiga, mwalimu wa Rudewa, kaka mmoja wa bodaboda kutoka Zombo, na vijana wachache wanaojua kuandika programu. Tukatengeneza tovuti, kila mmoja akawa anatuma taarifa za njia za kwao. Unaifungua kwenye simu, unaona njia ipi inapitika na ipi imefunikwa na maji. Na tuliuacha mfumo wetu wazi. Maana yake, mtu yeyote anaweza kuona ulivyoandikwa, akauchukua, akaubadilisha kwa mahitaji ya kwao, kisha akaturudishia alichoboresha. Mwenye kukubali au kukataa kilichorudishwa nilikuwa mimi peke yangu. Nilijivunia sana jambo hilo, hasa kwenye mikutano.

Basi dada mmoja wa Mikumi akauchukua. Anafanya kazi mapokezi kwenye nyumba ya wageni, programu alijifunza mwenyewe kwenye simu. Alikusanya timu yake kule, wakatengeneza ya kwao, na ikawa nyepesi kuliko yetu.

Siku moja mchana nilimkuta mke wangu jikoni anaangalia njia ya kwenda kwa dada yake. Nikachungulia simu. Ilikuwa tovuti ya Mikumi!

"Mbona unatumia ya hao?"

"Inafunguka haraka, baba. Yenu inazunguka mpaka maharage yanaungua."

Ndugu zangu, nawaambia, chakula kile sikukimaliza. Nikaanza kumchunguza yule dada mtandaoni, nani anampongeza, nani anamfuata. Kwenye kundi letu nikauliza, "Kwani huyu kasoma wapi?" Mwalimu wa Rudewa akajitoa kimya kimya.

Baadaye yule dada akaniandikia: "Shikamoo kaka. Kuna tatizo kwenye mfumo, na kwetu lilikuwepo. Mtandao ukiwa hafifu, taarifa ya jana inaonekana kama ya leo. Tumesharekebisha, nimewarudishia."

Sikuitikia hata ile shikamoo. Vijana wangu walipouliza, nikawaambia nimeipitia kazi yake na ina kasoro. Nilidanganya. Sikuifungua kabisa. Niliikalia wiki tatu huku mvua ikinyesha.

Wiki ya tatu, asubuhi, yule kaka wa bodaboda alimpakia mama mmoja mtu mzima kumpeleka Tindiga kwa mwanawe. Akaangalia simu kwanza, kama tulivyomfundisha. Akasoma "Njia inapitika". Ilikuwa taarifa ya jana. Kwenye kivuko maji yakawachota wote wawili na pikipiki. Waliokolewa kwa kamba na wakulima wa mpunga, pamoja na vijana wa wafugaji waliokuwa wakinywesha ng'ombe. Mama yule alinywa maji mengi, lakini alipona. Kaka akavunjika mguu.

Nilikwenda hospitali na machungwa mkononi. Sikujua niyaweke wapi.

"Kaka," akaniambia, "mimi nilisoma njia inapitika. Nilisoma vibaya?"

Ningeweza kusema lolote. Mtandao, simu yake, mvua. Alikuwa ananiamini.

"Hukusoma vibaya," nikamjibu. "Marekebisho yalikuja kutoka Mikumi. Nikayaacha kwa sababu ya aliyeyaleta."

Akageuza uso, akatazama ukuta. Niliondoka, na siku hiyo hiyo nikayafungua marekebisho ya yule dada. Yalikuwa mistari michache tu, safi, hayana kasoro hata moja. Nikayakubali, kisha kesho yake nikapanda basi la Mikumi.

Nilimkuta anaandikisha wageni. Akanisalimia, "Shikamoo kaka." Nikaitikia marahaba huku nimeinamisha kichwa, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Akaweka kalamu chini.

"Mama yangu analima Tindiga," akasema. "Anapita kivuko hicho hicho. Kaka, sikuwa nashindana na jina lako. Nilitaka mama yangu asizame."

Nililia pale mapokezi, wageni wananitazama. Alipoona nimetulia akaongeza, "Usishike mlango peke yako tena."

Nikamsikiliza. Leo tuko watatu tunaopokea kazi za watu: yeye, muuguzi wa Tindiga, na mimi. Timu zote mbili sasa ni moja. Mwalimu wa Rudewa nilimwomba radhi nyumbani kwake, akarudi.

Sitawadanganya kwamba wivu umekwisha. Juzi walimsifu kwenye kikao mbele yangu, na hapa kifuani pakachoma. Tofauti ni kwamba safari hii nilimwambia mke wangu nikiwa bado ninachomwa, kabla sijafanya ujinga.

Namshukuru Mungu kwa uhai wa wale wawili. Nawashukuru wakulima na wafugaji waliovuta kamba moja siku ile. Namshukuru mke wangu kwa ukweli wake, na dada wa Mikumi aliyenipokea. Na wewe kaka, uko humu ndani, sikutaji. Hujaniambia kwamba umenisamehe, wala sikudai. Ila jana nimeona umetuma taarifa ya njia ya Zombo. Asante.

Ndugu zangu, kama kuna kazi ya mwenzako umeikalia kwa sababu tu ni ya kwake, usisubiri mtu aumie. Ukitoka hapa, nenda kaifungue.