Karani wa Wodi ya Watoto na Msimu Usiokwisha

Wafiwa, majirani, na ndugu zetu wa idara ya takwimu, ambao leo mmefika bila kuandikiwa barua, dada yangu mkubwa, tuliyezoea kumwita Dada Daftari, alizaliwa tarehe 12 Julai 1964, katika vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba, akasoma hadi kidato cha nne mwaka 1982, akiwa amemsahihishia mwalimu orodha ya mahudhurio, wala mwalimu hakushukuru.

Tarehe 3 Septemba 1984 aliajiriwa kuwa karani wa wodi ya watoto, mwaka 1988 akaolewa na fundi saa, shemeji yetu huyu, wakajaliwa binti mmoja, na kila Juni hadi Agosti vichanga wenye vifua vinavyokoroma walijaa wodini, wawili kitanda kimoja, nasi tukajua dada hapatikani.

Kisha likaja janga la korona, shule zikafungwa, watu wakafunika pua, na msimu wa 2020 ukapita vitanda vikiwa vitupu, makao makuu ya idara ya takwimu wakamtaka aeleze takwimu zilipo, akajibu kwamba watoto hawajaugua, wakamwandikia tena kwamba sababu hiyo haimo kwenye fomu. Mwaka uliofuata ugonjwa ule wa vifua ulirudi Desemba, bila hodi, ukawalaza hata watoto wa miaka mitatu na minne, ambao hawakuwahi kuuonja, ilhali fomu iliishia miaka miwili, basi akawachorea safu kwa penseli, akaonywa, akaongeza na ya wazee wa wodi ya jirani.

Mjukuu wake alizaliwa tarehe 17 Mei 2020, naye dada, kwa kuogopa kumpelekea maradhi ya wodini, alimsalimu kupitia kioo cha dirisha, kiganja kwa kiganja, akimwambia, mume wangu, msimu ukiisha nitakubeba, na msimu haukuisha, hata alipombeba alikuwa na miaka miwili, mzito kama gunia, dada akalalamika kwamba kaletewa mtu mzima, kisha akageuka akafuta macho, kwani uchanga ule ulikuwa ukurasa asioujaza.

Tarehe 24 Januari 2024 alishikwa na kifua kile kile, nje ya msimu, akalazwa wodi ya watu wazima, na kwa kuwa watoto hawaruhusiwi humo, babu alimwinua mjukuu nje ya dirisha, mtoto akaweka kiganja kiooni kabla hajaambiwa, dada akanyanyua chake. Alifariki tarehe 2 Februari, saa nne asubuhi, miezi mitano kabla ya kustaafu.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani, wafanyakazi wenzake, na idara ya takwimu, ambayo wiki hii imechapisha safu zake kwa wino.

Pumzika kwa amani, dada, dirisha tumeliacha wazi.