Mpunga Uliokatwa Mbichi

Jumanne, tarehe 10 Septemba 2002, saa kumi za jioni, wenye bunduki walimtoa baba yenu Onema humu nyumbani, na Yannick, kijana wa jirani, ndiye aliyewaonyesha mlango. Mwili hatukuupata. Sikilizeni, Elie na Adèle, wanangu, ningali na sauti.

Msimu ule, kwa kuogopa watu wale wasituwahi shambani, tulikata mpunga ungali mbichi, na tulipoutwanga tukapata pumba tupu. Msamaha wangu wa kwanza ulikuwa vilevile: katekista alinisimamisha mbele ya kanisa, nikatamka kwamba nimesamehe, nikarudi nyumbani nikashindwa hata kusali Baba Yetu.

Bwana alisema mbegu huota mwenye shamba akiwa amelala, kwanza jani, halafu suke, ndipo punje ikomae. Mimi nilikuwa jani miaka mingi. Nilianza kwa kutomlaani Yannick nikikutana naye mtoni. Baadaye nikaitikia salamu yake. Siku alipokuja kuziba paa letu lililovuja nilimpa kiti, nawe Elie ukafoka: "Mama, mutu aliyemutoa baba, njo huyu unamupa kiti?" Nikakujibu, "Kiti tu, mwanangu. Sahani ya sombe bado." Adèle akacheka, wewe ukatoka. Sahani ilikuja, lakini ilichelewa sana. Watu husema mvumilivu hula mbivu. Mimi nimevumilia, nimeonja kidogo tu.

Nyumba ni ya Adèle, shamba la njia ya Kailo ni la Elie, wala msigombane. Ila Yannick ameomba anichimbie kaburi, nawe Elie umeapa kwamba akigusa chepe hutakaa kwenye matanga yangu. Mwanangu, sikuombi umsamehe. Mungu hadai mchele kwa shamba lililoota jana. Nakuomba jani moja: achimbe, nawe usiondoke. Kama huwezi kumsalimu, usimsalimu. Mpe mgongo, lakini kaa.

Adèle, niinue kichwa... hapo. Nipeni mikono yenu. Mungu awabariki, awakuze polepole, asiwachoke.

Tusali. Ee Bwana, Onema wako alilazwa tusikokujua, bila mkeka, bila wimbo. Wewe unapajua. Mfunike... mpe usingizi mwema. Nami naja kwake... tupokee pamoja. Amina.