Nitazame, Muuguzi wa Mlango wa Dharura

Mpendwa wetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la utani la Nitazame, alizaliwa tarehe 9 Juni 1953, mtoto wa tatu kati ya saba wa baba seremala na mama mshonaji. Utotoni aliugua masikio, na la kushoto likafa kabisa. Dada yake mkubwa anasimulia kwamba hasara ile aliigeuza faida mapema sana: akijua kesho ni zamu yake ya kuchota maji, alilalia sikio zima, na hapo hata ukipiga ngoma haamki.

Shuleni alikaa dawati la mbele. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1971, akasomea uuguzi na kuhitimu mwaka 1975. Mwaka 1980 alihamishiwa chumba cha dharura cha hospitali kuu, akadumu hapo hadi alipostaafu mwaka 2013.

Siku hizo mgonjwa alipofikishwa na gari la wagonjwa, mlango uligonga ukuta na kila mtu akaanza kusema. Wahudumu wa gari walisukuma machela huku wanapayuka habari za mgonjwa, wauguzi wanamvuta, daktari anauliza lake, ndugu wanalia. Nusu ya maneno ilikwenda na upepo. Marehemu naye alikuwa na siri: sikio la kulia lilikuwa limeanza kufifia. Alisoma midomo ya watu, na yale asiyoyapata akayabahatisha.

Alasiri moja mwaka 1984 aliletwa mwashi aliyeanguka kutoka ghorofa ya pili, mguu umevunjika. Mhudumu wa gari, akiwa ameshageuka kuondoka, alisema, "Keshachomwa sindano ya maumivu." Marehemu akasikia, "Hajachomwa." Akavuta dawa, akapandisha mkono wa shati la mgonjwa. Mwashi akafumbua macho nusu.

"Dada," akauliza, "nyingine tena?"

Dawa ile ni kali, na dozi mbili kwa mpigo zingeweza kumkata pumzi. Marehemu aliirudisha sindano kwenye sinia. Mwashi alipona, akaenda zake.

Kesho yake, kabla hajavaa sare, alikwenda ofisini kwa matroni, mkuu wa wauguzi, akamsimulia ya mwashi.

"Masikio yangu yananikimbia," alisema. "Kama ni kuniachisha kazi, niachisheni. Ila mgonjwa asije akafa kwa sababu ya aibu yangu."

Matroni, mama asiyependa maneno mengi, aliuliza, "Jana mlikuwa wangapi pale?"

"Watano."

"Hao wanne wenye masikio mazima, nani alisikia kwamba keshachomwa?"

Hakuna aliyekuwa amesikia.

"Basi ugonjwa si wako peke yako," matroni alisema. "Vaa sare. Halafu uniambie wewe ungependa uambiweje."

Alichopendekeza kilikuwa kidogo. Ukiacha mgonjwa asiyepumua, mtu yeyote asiguse machela kwanza. Mhudumu wa gari amtazame usoni anayepokea, aseme kilichompata mgonjwa, hali aliyomkuta nayo, na alichokwisha kumpa. Wengine wote kimya. Anayepokea arudie alichoambiwa, ndipo mgonjwa ahamishwe.

Wahudumu wa magari walikuja juu. "Mtu anavuja damu, wewe unataka hotuba!" mmoja alimfokea.

"Sitaki hotuba, kaka. Nataka maneno machache, tena mdomo nikiuona. Nitazame."

Ndipo jina lilipoanzia, na mwanzoni halikuwa jina la mapenzi. Walimwigiza kwenye foleni ya chai. Baadhi ya madaktari walimwita malkia wa mlangoni. Alirudi nyumbani analia, kesho yake akasimama palepale. Hospitali ilimpatia kifaa cha kusikilizia, lakini katika zogo lile kilimwongezea kelele tu. Taratibu watu walizoea. Wahudumu wapya waliamini ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Ni wangapi walionusurika kwa ajili hiyo, hakuna ajuaye, na yeye hakupenda kuulizwa. Alikuwa akisema kwamba mambo yakienda sawa hakuna la kusimulia.

Kati ya wahudumu hao alikuwepo mmoja mwenye masharubu mapana kama fagio. Alisema habari zake kwa ukamilifu, na marehemu hakuambulia kitu.

"Kaka, masharubu yako yanameza maneno," alimwambia mbele za watu.

Wiki iliyofuata kaka yule alikuja amenyoa masharubu yote. Nyumbani mama yake alikuwa ameshapiga kelele, "Mwanangu, nani kakufanya hivi?"

"Muuguzi mmoja, mama."

"Ameweza kukunyoa huyo? Basi mlete tumwone."

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1987, wakajaliwa watoto watatu. Walikuwa wakigombana kama watu wote, isipokuwa hawakuweza kugombana gizani.

Mwaka 2020 figo zake zilianza kushindwa. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, bila kununa, huku akiwatania wauguzi vijana kwamba mishipa yake imestaafu kabla yao. Miezi ya mwisho aliomba akae nyumbani. Usikivu ulikuwa umekwisha kabisa na macho yamechoka, hivyo mjukuu wake wa kike wa miaka saba alimwandikia herufi kwa kidole kiganjani. Jioni ya Jumanne, tarehe 17 Oktoba 2023, mtoto aliandika: LALA BIBI.

Marehemu alitabasamu. "Nalala," alisema. "Ila taa msiizime. Huyu mtoto anaogopa giza."

Taa iliachwa inawaka. Alifariki chini ya mwanga wake jioni hiyohiyo, akiwa na umri wa miaka sabini, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu watano, na ndugu zake wanne pamoja na dada mkubwa aliyetusimulia mengi ya haya.

Mwenyezi Mungu ampe pumziko jema, na sisi tuliobaki atupe subira.