Wageni wa Angani Waliopigiwa Vigelegele

Mbele yangu kwenye treni, fundi cherehani alikuwa akimsimulia muuguzi aliyeketi karibu naye igizo la redio. Viumbe wa sayari ya mbali wametua, kumbe asili yao ni hapahapa duniani. Babu zao walihama zamani.

“Wakapigiwa vigelegele!” akafoka. “Na sisi tuliobaki, nani katupigia?”

“Wamerudi kwao, dada. Ulitaka wafukuzwe?”

“Hata mdogo wangu anarudi leo kutoka ng’ambo. Ndiye ninayekwenda kumpokea stesheni. Mama, ninayemwogesha mimi kila siku, kaniambia nimwachie kitanda changu. Mimi hajawahi kunisubiri mlangoni.”

“Utasubiriwaje, na wewe huondoki?”

Nikajifanya natazama nje.

Treni ikasimama. Mdogo mtu alikuwa pale stesheni na masanduku yake. Fundi akashuka, akamkumbatia kwa nguvu, uso bado umenuna.